Rubani anayepunga mkono: yanayosemwa kuhusu picha ya Enola Gay, na ukweli wake

Picha hii huenda umeshaiona: rubani kachomoza dirishani mwa ndege, anapunga mkono, na chini yake herufi kubwa nyeusi: ENOLA GAY. Wengi huidhania salamu ya ushindi, kazi imekwisha. Sivyo. Ilipigwa usiku wa kuamkia 6 Agosti 1945 katika kisiwa cha Tinian, Pasifiki, kabla ndege haijaruka. Taa za wapiga picha ziliumulika uwanja ukawa kama mchana. Waliondoka saa 8:45 usiku. Bomu la atomiki likaangushwa Hiroshima, Japani, saa 2:15 asubuhi, kwa saa za huko. Mkono ule unapopungwa, mji bado mzima. Ukishalijua hilo, picha haitazamiki tena kwa jicho lile lile.

Jina nalo lina vituko vyake. Machi 2025 iliripotiwa kwamba picha za ndege hii zimo katika orodha ya zile ambazo Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikusudia kuziondoa, na ilielekea kosa lake ni neno “Gay” tu! Enola Gay ni jina la mama mzazi wa rubani huyo, Paul Tibbets. Wala halikuwa la siku nyingi: lilipakwa rangi siku moja kabla ya safari. Robert Lewis, aliyezoea kuirusha ndege ile na safari hii kawekwa rubani msaidizi, alipoliona alikasirika kwelikweli.

Kuna wanaosema ndege hiyo hiyo ndiyo iliyopiga Nagasaki. Hapana, ile ni Bockscar, iliyorushwa na Charles Sweeney. Tarehe 9 Agosti Enola Gay ilitangulia tu kuangalia hali ya hewa juu ya Kokura, mji uliokuwa umelengwa kwanza. Na haikuishia kwenye vyuma chakavu. Iko katika makumbusho huko Chantilly, Virginia.

Dhana inayonikera zaidi ni kwamba kisa hiki ni cha Wamarekani na Wajapani peke yao. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Marekani wa kutengeneza bomu la atomiki ilitoka Shinkolobwe, Katanga, ikachimbwa na Wakongo chini ya kampuni ya Kibelgiji. Kutoka Likasi, mji ambao Kiswahili ndicho lugha ya sokoni, hadi mgodini ni kama kilomita 20.