Kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari, hasa kinafanyika nini?

Mtu akisikia maji ya bahari yanafanywa ya kunywa anafikiria chujio, au anafikiria kuchemsha. Sio hivyo. Chumvi ikishayeyuka haishikwi na kitambaa wala mchanga, na ukichemsha kwenye sufuria wazi mvuke unaondoka chumvi inabaki, sasa ulichobakiwa nacho ni kikali kuliko ulichoteka. Wanaofanya chumvi kule Pemba ndo wanavyofanya kwa jua, wao wanataka chumvi maji yaende zake, sie tunataka kinyume chake.

Lita moja ya bahari ina chumvi kama gramu 35, karibu vijiko viwili vya chakula. Figo haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi kali kiasi hicho, kwa hiyo ukiyanywa mwili unatumia maji yake wenyewe kuitoa na kiu inazidi.

Njia inayotumika sana siku hizi ni ya presha. Fikiria achari ya embe, ukitia chumvi kwenye vipande baada ya muda embe zinatoa maji, si ndiyo? Maji yenyewe yanapenda kukimbilia kwenye chumvi. Mashine inayalazimisha yarudi nyuma, yaani maji ya bahari yanasukumwa kwenye utando ambao maji yanapenya ila chumvi karibu yote inakataa, na kwa vile unashindana na tabia ya maji yenyewe basi msukumo lazima uwe mkubwa, mara 25 na zaidi ya upepo wa tairi la gari dogo. Ndo maana pampu inakula umeme. Hata mitambo mikubwa ya kisasa inataka kama yuniti 3 mpaka 4 kwa lita 1,000, ambayo ni madumu 50 ya lita 20, na mashine ndogo ya kisiwani kwa kawaida inakula zaidi, halafu umeme ukikatika na maji yamekatika.

Na si kila unachoteka kinakuwa kitamu. Kwenye lita 100 unapata kama 40 hivi, zilizobaki zinatoka na chumvi zaidi ya mara moja na nusu ya bahari. Hizo ukizimwaga pale pale kwenye maji madogo karibu na mwani wanaolima kina mama umewatilia hasara, bomba litolewe mpaka penye mkondo.

Sasa kwa nini visima vya visiwani vina chumvichumvi? Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi, mvua inazama na maji yake yanaelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi zaidi. Ukipampu sana ile chumvi ya chini inapanda. Kisima kama hicho mashine ya aina hiyo hiyo inaweza kukisafisha kwa presha ndogo na umeme mchache kuliko bahari, ila usikikamue, utairudisha bahari ndani.

Mie naona kabla ya mashine yoyote watu watazame mapaa yao kwanza. Kisiwa cha Chumbe hapo karibu na Unguja hakuna kisima cha maji matamu, wanakinga mvua kwenye mapaa ya makuti, inachujwa, inaingia kwenye matangi yaliyo chini ya vibanda vya wageni, na Masika ndo inayojaza.