Mnyonya damu wa kweli, au wa kichwani mwake? Maana ya utata katika filamu ya kutisha

Filamu ikituonyesha mtu anayekunywa damu za watu, kisha ikakataa kutuambia kama ni kiumbe asiyekufa au ni mgonjwa anayejiona hivyo, hali hiyo huitwa utata. Si kwamba habari zimepungua. Habari zipo tele, ila kila tukio linaupa nguvu upande huu na upande ule kwa wakati mmoja, na ukiegemea mmoja, kuna ushahidi unaobaki mikononi mwako huna pa kuuweka.

Watu wengi huuchanganya utata na fumbo. Fumbo lina jibu. Limefichwa tu, na mwisho hufichuliwa. Utata hauna jibu lililofichwa mahali popote. Tena usiuchanganye na filamu iliyotungwa ovyo, ambayo mwongozaji wake mwenyewe hajui anasimulia nini. Utata wa kweli hudai umakini mkubwa kuliko hadithi iliyonyooka, kwa sababu tukio moja tu likiponyoka, mizani inalala upande mmoja.

Mhakiki Tzvetan Todorov, mzaliwa wa Bulgaria aliyefanya kazi Ufaransa, aliandika kitabu kuhusu jambo hili mwaka 1970. Alizungumzia fasihi, lakini maneno yake yanaikaa filamu vizuri sana. Kwake, kiini ni kusita. Mtu wa ulimwengu huu wa kawaida anakutana na jambo lisiloelezeka: ama hisi zake zimemdanganya na dunia iko vilevile, ama jambo limetokea kweli na dunia ina kanuni asizozijua. Maadamu anasita, utata uko hai. Akishaamua, umekwisha.

Mfano bora ninaoujua ni Martin, filamu ya George A. Romero ya mwishoni mwa miaka ya 1970, iliyopigwa Braddock, mji wa viwanda vya chuma karibu na Pittsburgh, Marekani. Martin ni kijana mpole, mwenye haya, anayedai ana umri wa miaka 84. Hana chonge ndefu. Anatembea juani. Silaha zake ni bomba la sindano lenye dawa ya usingizi, na wembe. Angalia basi swali lilipo: kwamba anaua na kunywa damu, hilo halina ubishi, tunaliona kwa macho yetu. Kinachobishaniwa ni yeye ni nani.

Tazama mwanzo wake. Usiku, ndani ya treni, Martin anafungua kwa siri mlango wa chumba cha abiria. Ghafla picha inageuka nyeusi na nyeupe: mwanamke mrembo aliyevaa gauni la kulalia anamnyooshea mikono, anamwita. Rangi zinarudi, na mwanamke wa kweli anatoka msalani, amejipaka dawa ya urembo uso mzima, hana habari na mtu yeyote. Kinachofuata ni mapambano marefu, mabaya, ya mtu anayepigania uhai wake.

Tukio hilo limebeba filamu nzima. Baadaye picha nyeusi na nyeupe zinarudi tena na tena, na safari hii zinaonekana kuwa za zamani: mishumaa, wanawake wanaomwita, watu wenye mienge wakimsaka. Ni kumbukumbu za mzee wa miaka 84? Au ni zilezile ndoto za kwenye treni, zilizovishwa nguo za kale? Kule mwanzo tulijifunza kwamba rangi hizo huonyesha anachokitamani, lakini hakuna kanuni inayosema haziwezi kuonyesha pia alichokiishi. Kamera haisemi.

Mashahidi nao hawatusaidii. Cuda, ndugu yake mzee anayempokea, ana hakika kijana huyu ni Nosferatu, yaani mnyonya damu asiyekufa. Ametundika misalaba na vitunguu saumu nyumbani. Martin anakitafuna kitunguu saumu mbele yake na kujiwekea msalaba usoni, kumwonyesha kwamba hakuna uchawi. Cuda hatikisiki. Christina, mjukuu wa Cuda, anaona mgonjwa anayehitaji daktari. Na ukilifikiria vizuri, jaribio la kitunguu saumu halithibitishi kitu: linaweza kumaanisha Martin ni mtu wa kawaida, au kwamba wanyonya damu wapo ila hadithi kuhusu vitunguu ni za uongo. Yeye mwenyewe anashikilia hilo la pili, na hapo ndipo uhodari wa Romero unaponikamata kila mara.

Kwa kulinganisha, chukua Vampire's Kiss iliyoongozwa na Robert Bierman, ambamo Nicolas Cage anaigiza wakala wa waandishi jijini New York anayeamini ameng'atwa na kugeuka mnyonya damu. Anasimama mbele ya kioo akilia kwamba hajioni, ilhali sisi tunamwona kiooni waziwazi. Ananunua meno ya plastiki. Mtazamaji amepewa kitu ambacho mhusika hana, na papo hapo mizani imelala. Bado ni simulizi nzito ya akili inayoporomoka, lakini siiiti ya utata.

Kwa hiyo ukitaka kuujua utata, usimsikilize sana mhusika anasema nini. Chunguza kamera iko upande wa nani. Je, umewahi kuona kitu ambacho mhusika hakukiona? Je, kuna mtu mwingine, asiye na hofu wala imani, aliyeshuhudia muujiza? Katika Martin hayo yote hayapo.

Hata mwisho wake (asiyetaka kuujua aishie hapa) hautuvushi. Mwanamke aliyekuwa karibu na Martin anajiua, Cuda anaamini kijana ndiye aliyemuua, na anampigilia mti uliochongwa kifuani akiwa kitandani. Ndiyo njia ya jadi ya kummaliza mnyonya damu. Martin anakufa. Lakini mti ule, ukipita moyoni, ungemuua kijana yeyote.