Modeli ya msukosuko na seli ya kwanza ukutani huchaguliwa pamoja

Ukiiga mtiririko wa hewa kwa kompyuta, nafasi hukatwa vipande vidogo, yaani seli (zote pamoja ni meshi), na msukosuko wa hewa hukadiriwa kwa modeli, yaani seti ya milinganyo. Swali la "nitumie modeli gani ya msukosuko" halijibiki kabla hujajua seli yako ya kwanza, iliyogusa ukuta, imekaa wapi. Kipimo ni y+: umbali kutoka ukutani, mara kasi ya msuguano (kipeuo cha pili cha mkazo wa msuguano ukutani gawanya kwa densiti ya hewa), gawanya kwa mnato kinematiki (mnato gawanya kwa densiti). Chini ya 5 mnato ndio unaotawala. Kuanzia 30 hadi mamia machache, kasi ya hewa hufuata kanuni ya logi, yaani hupanda kwa logi ya umbali kutoka ukutani. Katikati hapo hakuna hata moja kati ya hizo mbili inayoshika, na ndiko seli nyingi huangukia bila mwenyewe kujua.

Chukua bawa lenye mita 1 toka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, hewa ikienda mita 30 kwa sekunde, mnato 1.5×10⁻⁵ m²/s. Namba ya Reynolds (Re: kasi mara urefu, gawanya kwa mnato) ni milioni 2. Kwa makadirio ya bamba bapa, mgawo wa msuguano ni 0.058×Re^(−0.2), yaani 0.0032 hivi, kasi ya msuguano inatoka 1.2 m/s. Basi y+ ya 1 ni umbali wa milimita 0.0125 tu! OpenFOAM, programu ya kuiga mtiririko, hupimia kwenye kitovu cha seli, kwa hiyo kimo cha seli ni mara mbili: milimita 0.025. Tabaka la mpakani, yaani hewa inayopunguzwa kasi na ukuta, hufikia milimita 20 kwenye ukingo wa nyuma. Kila safu ya seli ikiwa na kimo mara 1.2 ya iliyotangulia, utahitaji safu 28. Kwa y+ ya 50 zinatosha 8.

Unafuu huo ndio unaowavuta watu kwenye k-epsiloni, modeli moja ya msukosuko, na fomula za ukutani, zinazokadiria eneo la karibu na ukuta kwa kanuni ya logi badala ya seli nyembamba. Hewa ikiwa imeshikamana na ukuta, sina ugomvi. Bawa likiinuliwa mpaka hewa ibanduke, msuguano hushuka kuelekea sifuri na kanuni ya logi haipo tena. Isitoshe, k-epsiloni huchelewesha kubanduka, ikakupa nguvu ya kuinua iliyozidi. Hapo natumia modeli nyingine, k-omega SST ya Menter (1994), y+ ikiwa 1.

Jihadhari na jaribio la kusaga meshi, yaani kupunguza ukubwa wa seli ili kuona kama majibu yanabadilika. Ukigawa seli zote nusu kwa nusu mara mbili, y+ ya 50 inakuwa 12.5, majibu yanayumba, lawama inaenda kwa modeli. Ukitumia fomula za ukutani, acha kimo cha seli ya kwanza, saga zilizobaki.

Hesabu ikiisha, chora y+ juu ya bawa zima. Wenye haraka husoma wastani, kumbe karibu na ukingo wa mbele, hewa inakokimbia zaidi, y+ imefika 3 badala ya 1. Punguza kimo hadi theluthi, ongeza safu, endesha tena.