Trump hakuwahi kuwa mgombea wa Libertarian, na hakuna jina lililotoka juu

Jamani tuelewane, maana nimechoka kujibu hili. Kila nikiandika kuhusu Libertarian, kile chama kidogo cha Marekani kinachotaka serikali isiingilie sana maisha ya watu, lazima atokee mtu aseme "si hao walimpitisha Trump 2024, mkutano wa kuteua mgombea urais ulikuwa geresha tu". Trump alialikwa kuhutubia, akaja pale Washington Mei 25, akazomewa, na raundi ya kwanza ya kura akaambulia kura 6 za wajumbe waliojiandikia jina lake wenyewe. Robert Kennedy Jr., aliyekuwa akigombea urais kama mgombea binafsi, alipata 19, akatoka. Basi, hilo limeisha.

Linaloniudhi zaidi ni hili la kwamba jina lilishapangwa. Kwa Democrat na Republican, sawa, mjumbe anafika akiwa ameshabanwa na kura za mchujo za jimbo lake. Kwa Libertarian mjumbe hafungwi na mtu, anampa anayemtaka, na mgombea lazima avuke nusu, asipopatikana wa mkiani anatolewa wanarudia. Mgombea Michael Rectenwald, aliyebebwa na kundi lililokuwa limeshika uongozi wa chama, aliongoza raundi tano mfululizo. Sasa kama jina lilitoka juu, si lingekuwa la huyo? Mgombea mwingine, Mike ter Maat, alipodondoka raundi ya tano akawaomba watu wake wamuunge mkono mpinzani wa Rectenwald, Chase Oliver, na ter Maat mwenyewe awe mgombea mwenza, na raundi ya sita Oliver akapanda mbele.

Na bado alikuwa hajashinda! Wajumbe wana chaguo la "hakuna kati ya hawa", na hilo ni chaguo kweli kweli. Raundi ya saba Rectenwald alikuwa ameshatolewa, Oliver akabaki kushindana na chaguo hilo tu, na lingepita chama kisingekuwa na mgombea wa urais mwaka ule. Akapata asilimia 60 na kidogo, yaani zaidi ya theluthi waliona bora tukose kabisa kuliko huyu.

Hapo ndo napata shaka. Naupenda sana utaratibu huu, lakini ukitoka ukumbini na theluthi ya wenzako hawakutaki, kampeni unaifanya na nani? Novemba, kwenye uchaguzi wenyewe, Oliver hakufika hata nusu asilimia, wakati Gary Johnson, mgombea wa chama hichohicho aliyepita raundi ya pili tu kwenye mkutano wa Orlando 2016, alipata zaidi ya asilimia 3. Siwezi kuutupia mkutano lawama zote, 2016 watu wengi walikuwa wamewachoka Trump na Clinton wote wawili, ila mtu akiniambia uhuru wa wajumbe hauna gharama simkubalii.