Thamostati haikuwekwa kwa ajili ya baridi, na mengine mnayoniambia gari ikichemsha

"Fundi, itoe tu hiyo thamostati, huku kwetu joto, hiyo wamewekewa watu wa nchi za baridi." Thamostati ni kile kivali kidogo kinachofungua na kufunga njia ya maji ya injini kwenda kwenye rejeta, ile ya mbele inayoyapoza. Wallahi maneno haya nayajua kabla mtu hajafungua mdomo, na wanaoyasema si wateja peke yao, wengine ni mafundi wenzangu, ndo maana mteja akija anakuwa keshaaminishwa zamani.

Jamani, injini haijui kama iko Mwanakwerekwe hapa Unguja au Tokyo. Yenyewe inataka kufanya kazi kwenye digrii 90 hivi, basi. Kaskazi ikituchoma sisi tunafika digrii 32, 33, sasa hapo mpaka 90 si bado mbali? Thamostati nyingi za hizi Toyota zetu zinaanza kufunguka kwenye 80 mpaka 84, kabla ya hapo maji yanazunguka ndani ya injini ili ipate moto haraka, yakishafika hapo njia ya rejeta inafunguka. Ukiitoa, injini inakaa vuguvugu, kompyuta inaona gari bado ya baridi inazidisha petroli, gia otomatiki inachelewa kuingia ovadraivu, unyevu unabaki kwenye oili inageuka tope, halafu baada ya muda unarudi unaniambia gari siku hizi inakula mafuta. Itaacha kula vipi?

Na linalonitia hasira zaidi ni hili. Kwenye Toyota nyingi thamostati ina visahani viwili, kimoja kinafungua maji ya rejeta, cha pili kwa nyuma kinaziba ile njia ya mkato ambayo maji yalikuwa yanapita injini ikiwa baridi. Ukiing'oa nzima njia ya mkato inabaki wazi moja kwa moja, yaani sehemu ya maji ya moto yanarudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Kwa hiyo wewe umetoa kitu ili gari isichemshe, kumbe umeiongezea njia ya kuchemsha, utaliona siku Noah imejaa watu, AC imewaka, na unapanda vile vilima vya Pemba.

Najua utaniambia mbona ya fulani ilitolewa ikapona. Ilipona kwa sababu ile ilikuwa imekufa imeganda imefunga, na dawa yake ni kutia nyengine. Kuipima hata nyumbani unaweza, itumbukize kwenye sufuria ya maji uyapashe moto, nzima utaiona inafunguka kabla maji hayajachemka. Isipofunguka itupe, na ukienda dukani chukua yenye digrii ileile iliyogongwa kwenye ya zamani. Lakini mara nyingi hata kosa si lake, ni rejeta imeziba, au mapezi yake yameliwa na chumvi ya bahari, au feni haiwaki, au mfuniko wa rejeta mpira umekufa na hakuna aliyeutazama.

"Maji ni maji tu." Si kweli. Maji ya visima vyetu yamepita kwenye jiwe la matumbawe, yana chokaa, kaangalie ndani ya birika lako la chai kisha ujue na rejeta iko hivyohivyo. Kulanti, yale maji ya rangi ya kutia kwenye rejeta, kazi yake si kuzuia barafu tu, inazuia kutu na inafanya maji yachelewe kuchemka. Ukikwama njiani tia maji yoyote ufike, ila ukishafika yatoe utie kulanti.

Bizari, pilipili manga, yai la kuziba tundu: yapelekeni kwenye pilau. Vinaziba vijia vya rejeta kabla ya kuziba tundu.

"Mshale umeshuka wenyewe, imeshapoa." Au maji yamekwisha! Sensa inapima maji, yakiondoka inabaki hewani na inasoma uongo. Mshale ukipanda kisha ukaanguka ghafla, zima gari hapohapo.

Na mfuniko msiufungue ya moto. Ule umeandikwa 0.9 au 1.1, ni mgandamizo huo, ndani maji yamepita digrii 100 na bado hayajachemka, ukifungua yanachemka yote kwa mpigo usoni kwako. Subiri nusu saa, ikibidi zaidi. Wala usiimwagie injini maji ya baridi, hedi, yaani kile kichwa cha juu cha injini, ni alumini, itapinda na gasketi inayoziba chini yake itakwenda nayo.

Kuna wanaosema haivuji kwa sababu chini pakavu, huku kila asubuhi wanajaza. Maji yanakwenda wapi? Tazama kama oili imekuwa kama chai ya maziwa, moshi mweupe usiokwisha, mapovu kwenye rejeta, hapo shuku gasketi. Au ni kitundu cha chini ya wota pampu, kinatoa kidogo kidogo na yanakaukia kwenye moto yakiacha alama ya rangi.

Wengine kinyume chake, wanakuja mbio maji yanadondoka chini upande wa abiria. Yaguse kwanza. Meupe hayatelezi? Ya AC hayo, nenda zako. Ya kijani au pinki na yanateleza ndo kulanti, na ukiitoa usiimwage uchochoroni, ni tamu na ni sumu, paka wataramba na watoto nao wapo.