R.E.M. hawakuibuka mwaka 1991

Wengi walioijua bendi ya roki ya R.E.M., ya Marekani, kupitia wimbo "Losing My Religion" hudhani mambo mawili: kwamba kundi lilichipuka ghafla mwaka 1991, na kwamba wimbo wenyewe ni wa mtu aliyeiasi dini. Yote mawili si kweli.

Kina Michael Stipe, mwimbaji wa bendi hiyo, walianza mwaka 1980 huko Athens, mji wa chuo kikuu katika jimbo la Georgia. Onyesho lao la kwanza walilifanyia ndani ya kanisa la zamani lisilotumika tena kwa ibada. Albamu ya "Murmur" ilitoka 1983. "Out of Time" ya 1991, yenye "Losing My Religion", ilikuwa albamu yao ya saba. Miaka na miaka ya kuzurura na gari, kupiga kwenye kumbi ndogo, kuchezwa na redio za vyuo! Jasho hilo ndilo lililowafungulia njia wengi wa roki mbadala, yaani roki iliyo nje ya mkondo mkuu.

Na maneno yale "losing my religion", yaani "kupoteza dini yangu"? Ni msemo wa kusini mwa Marekani, wa mtu aliyeishiwa uvumilivu. Stipe ameeleza kuwa anaimba mapenzi ya upande mmoja. Ukiusikiliza hivyo, mandolini, ala ndogo ya nyuzi, ya mpiga gitaa wao Peter Buck inachoma zaidi.