Nyumba imepimwa, haijakaguliwa

Majuzi barazani nimeambiwa tena: "Ile nyumba ya mawe ishakaguliwa, fundi kaja kaipima." Nikauliza, kapima nini? Urefu na upana wa vyumba, na mifuko ya saruji itakayotosha lipu.

Ukaguzi wa hali ya jengo ni kuchunguza jengo linavyobeba uzito wake: mzigo unapita wapi, wapi pamechoka, kwa sababu gani, na kama uchakavu umetulia au unaendelea. Maana yenyewe ni hiyo tu.

Kinachotuchanganya ni neno kupima, nalo silichukii. Kabla ya futi kamba, pima ilikuwa kipimo cha mwili: unanyoosha mikono yote miwili, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, sawa na dhiraa nne. Fundi anayo pimamaji ya kujua kama kitu kimelala sawa. Hospitali nako tunapimwa damu. Neno limepanuka mpaka watu wanadhani limemeza na kukagua. Lakini kukagua ni kutazama kwa jicho linalotafuta kasoro. Mahesabu hukaguliwa, na sijaona mkaguzi wa mahesabu akipima urefu wa daftari.

Chukua nyumba za Mji Mkongwe, Unguja. Kuta ni za matumbawe na chokaa, sakafu zimelala juu ya boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vingi ni virefu na vyembamba. Futi kamba itakupa upana huo mara moja. Haitakuambia kwamba vichwa vya boriti vilivyozama ukutani vimeoza kwa maji ya paa, ilhali katikati ni vizima. Wala haitakuambia kwamba lipu ya saruji imefungia unyevu ndani ya ukuta uliozoea kupumua kwa chokaa. (Saruji nayo ina kisa chake: Oman jina hilo bado ni la udongo uliochomwa na kuchanganywa na chokaa, sio huu unga wa kijivu wa kiwandani.)

Halafu kuna methali. Usipoziba ufa utajenga ukuta; naam, lakini ufa uliozibwa hausomeki. Mkaguzi hugandisha kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, huandika tarehe, kisha hurudi masika yakishapita. Kioo kikikatika, ukuta bado unatembea, na lipu yoyote utakayopiga itapasuka palepale.

Beit al-Ajaib, jumba la sultani hapo Mji Mkongwe lililojengwa 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakafa. Sitaki kuhukumu chanzo hapa. Ninachosema ni kwamba ukaguzi haukomi siku mafundi wanapoingia. Hapo ndipo mzigo unapoanza kuhamishwa.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa barazani, fundi wako hakukosea. Kaipima nyumba, nawe sema hivyohivyo: imepimwa. Siku ikija kukaguliwa utajua mwenyewe, maana mkaguzi ataomba kwanza ngazi ya kupanda paani, kisha atakuuliza mvua ikinyesha maji yanakwenda wapi.